Mtoto mwenye ugonjwa wa moyo anapopewa dawa ya usingizi: mwongozo kwa mzazi wa Moshi na Arusha

Umepewa tarehe. Labda ni eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) ya kurudia, labda ni CT-scan ya kifua, labda jino limeoza mpaka shavu limevimba, na daktari amekwambia kwa upole, "Mama, huyu tutampa dawa kidogo alale." Usiku huo hulali wewe. Kesho yake bibi anapiga simu kutoka Rombo kukumbusha kuwa kuna mtoto wa jirani alipigwa nusu kaputi hakuamka.

Bibi asipuuzwe. Dawa za usingizi zinagusa kupumua na mzunguko wa damu, na mtoto aliyezaliwa na kasoro ya moyo ana akiba ndogo kuliko wenzake. Lakini karibu mtoto mmoja katika kila mia anazaliwa na kasoro ya aina hiyo, na hospitali zinawalaza watoto hawa kila siku na kuwaamsha. Sehemu kubwa ya usalama wao huamuliwa kabla sindano haijachomwa: nani anaujua moyo huu, mtoto amekula nini, nani amekaa kumwangalia. Katika hayo mzazi ana kazi nyingi kuliko anavyodhani.

Kwanza, uliza kama dawa inahitajika kweli

Eko haiumizi. Ni mafuta ya baridi kifuani na kifaa kinachozungushwa, ila mtoto akilia na kurukaruka picha haionekani. Kichanga wa chini ya miezi mitatu mara nyingi hahitaji dawa yoyote. Mwache na njaa kidogo, mnyonyeshe pale pale mlangoni mwa chumba, mfunge vizuri kwa kanga, atalala mwenyewe. Mwambie anayepima kwamba unataka kujaribu hivyo kwanza. Wengi watakubali kwa furaha, maana na wao wanapungukiwa kazi. Mtoto wa miaka minne na kuendelea anaweza kutulia akiwekewa katuni kwenye simu, hasa akiwa mapajani mwa baba yake badala ya kulazwa peke yake kitandani. Wa katikati hapo, kuanzia kama miezi sita hadi miaka mitatu, ndio wagumu. Kwa hao mchelewesheni kulala usiku wa kuamkia kipimo, mwamsheni mapema, na msimruhusu asinzie kwenye gari. Ukimfikisha amechoka, huenda akalala mwenyewe bila dawa.

CT-scan siku hizi huchukua sekunde chache, hivyo wapo wanaoipita bila dawa. MRI ni habari nyingine: ni ndefu, ina kelele, na mtoto mdogo karibu kila mara atahitaji kulazwa kwa dawa.

Pili, jua moyo wa mwanao ni wa namna gani

"Ana tundu kwenye moyo" haitoshi. Rudi kwenye karatasi ya eko, mwombe daktari akusomee, na uandike jina la ugonjwa kama lilivyo. Mtaalamu wa usingizi atachagua dawa kwa kufuata jina hilo.

Sababu yake ni hii. Wale waliokulia Uchagani wanajua mfereji: ukifungua upande mmoja, maji yanakimbilia huko na shamba la upande wa pili linakauka. Moyo wenye tundu una njia mbili, na damu hufuata ile yenye upinzani mdogo. Kuna watoto ambao damu ya ziada inakimbilia kwenye mapafu. Hawa wana rangi ya kawaida, lakini wanatoka jasho wakinyonya, hawaongezeki uzito, na kila baada ya muda mfupi wana nimonia. Na kuna watoto ambao njia ya kwenda mapafuni ni nyembamba, hivyo damu yenye oksijeni kidogo (wengine huiita damu chafu) inavuka kupitia tundu na kwenda moja kwa moja mwilini. Hao ndio wenye midomo na kucha za bluu, na wakicheza kidogo wanachuchumaa ili kupata pumzi. Anayejulikana zaidi katika kundi hili ni mwenye ugonjwa uitwao tetralojia ya Fallot.

Sasa, baadhi ya dawa za usingizi, propofoli kwa mfano, hutanua mishipa ya mwili na kushusha presha. Kwa mtoto wa Fallot hilo linafungua mfereji upande usiotakiwa: damu chafu nyingi zaidi inavuka, na mtoto anazidi kuwa wa bluu. Ketamini kwa kawaida haishushi presha ya mwili, ndiyo maana wataalamu wengi huipendelea kwa mtoto wa namna hiyo. Ukisikia mwanao kapewa dawa tofauti na ya mtoto wa kitanda cha jirani, usione kama kapunjwa.

Wapo wanaohitaji tahadhari kubwa kuliko wote: mwenye presha ya juu kwenye mapafu, mwenye chemba moja tu inayofanya kazi, mwenye njia nyembamba ya kutoka damu upande wa kushoto wa moyo, na mwenye moyo uliochoka kusukuma. Kama jina la mwanao limo humo, hata "dawa kidogo ya kunywa" ni jambo la mtaalamu wa usingizi mwenyewe. Hali kadhalika mtoto mwenye Down (Down syndrome, hali ya kuzaliwa nayo), ambaye mara nyingi ana tatizo la moyo pamoja na njia nyembamba ya hewa, ulimi mkubwa, na wakati mwingine shingo isiyo imara. Sema mapema. Usidhani wataona wenyewe.

Tatu, ijue namba yake

Kile kifaa kinachobanwa kidoleni kinasoma oksijeni. Mtoto mwenye moyo mzima husoma juu ya asilimia 94 hivi. Mtoto wa bluu anaweza kuishi, kucheza na kutukana wenzake akiwa na 80. Muuguzi asiyemjua akiona 80 baada ya kipimo atashtuka. Na anayemjua kwamba ni wa 80 kila siku atashtuka akiona 68, kama inavyopasa. Kwa hiyo omba apimwe kila mkienda kliniki, akiwa ametulia, na uandike.

Andika pia amepimiwa wapi. Dar es Salaam iko pwani, Moshi mjini iko chini kidogo ya mita 1,000, Arusha mjini inakaribia mita 1,400, na Karatu iko juu zaidi. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi. Mtoto aliyepimwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, akasoma 84 anaweza kusoma pungufu kidogo akirudi nyumbani Arusha bila ugonjwa kuwa umezidi. Familia huweza kushikwa na hofu kwa sababu hiyo tu.

Namba nyingine ni ya damu. Mwili wa mtoto wa bluu hujitengenezea damu nyingi ili kufidia, hivyo hemoglobini ya 17 au 18 kwake ni ya kutarajiwa. Ukiambiwa "damu iko vizuri, ni 11", mwulize daktari kwa heshima kama 11 inamtosha mtoto mwenye midomo ya bluu. Mara nyingi haimtoshi, na kuna madini ya chuma ya kumpa kabla ya siku yenyewe.

Nne, ni wapi na ni nani

Hapa sitazunguka. Kituo kidogo kikikwambia "tunampa kitu kidogo atulie, dakika tano tu", na mwanao ana moyo wenye kasoro, uliza maswali haya kabla ya kukubali. Nani atakaa kumwangalia anavyopumua, mtu huyo akiwa hana kazi nyingine chumbani? Je, kifaa cha oksijeni cha kidoleni kipo na kinafanya kazi? Kuna oksijeni ya kutosha, na mfuko na barakoa ya saizi ya mtoto ya kumpulizia hewa? Akibadilika, nani ataitwa na atafika baada ya dakika ngapi? Jibu moja likiwa "hapana", shukuru, chukua kadi yako, omba rufaa.

Kwa watu wa Kanda ya Kaskazini rufaa hiyo kwa kawaida huishia hospitali ya KCMC, pale Moshi, na kwa upasuaji wa moyo wenyewe wengi huelekezwa Dar es Salaam. Kama mnatoka mbali, Same, Loliondo, Simanjiro, tafuta ndugu wa kulala kwake mjini usiku wa kabla na usiku wa baada. Watu hukumbuka ule wa kabla tu. Wa baada ndio muhimu zaidi, na nitaurudia.

Tano, wiki ya mwisho

Mafua. Juni na Julai, baridi inaposhuka kutoka mlimani, nusu ya watoto wa miji hii wanachuruzika makamasi. Kamasi jepesi bila homa kwa mtoto anayekula na kucheza linaweza lisizuie, lakini kikohozi chenye makohozi, homa, au kifua kinachopiga filimbi ni sababu ya kuahirisha wiki kadhaa kama kipimo si cha dharura. Njia ya hewa iliyovimba kwa ugonjwa hukaza kirahisi wakati wa usingizi. Piga simu useme ukweli. Najua umeomba ruhusa kazini na nauli umeshalipa. Bado ni bora. Homa kwa mtoto anayeishi ukanda wa chini, Kahe au kwenye mashamba ya miwa ya TPC, ipimwe malaria kabla hujasema ni mafua. Kuhara na kutapika navyo vinaahirisha, kwa sababu mtoto wa moyo akikaukiwa maji presha inashuka.

Meno. Kama kinachofanyika ni kung'oa jino, uliza kuhusu antibayotiki ya kinga. Watoto wa bluu ambao hawajafanyiwa upasuaji, wenye vali ya bandia, waliowahi kupata maambukizi ndani ya moyo, na waliowekewa kiraka au kifaa katika miezi sita iliyopita hupewa dozi moja, kwa kawaida amoksilini, dakika 30 hadi 60 kabla ya daktari wa meno kuanza. Wengine wengi hawahitaji. (Meno ya kahawia ya watoto wa Arusha na Meru ni ya floridi iliyo kwenye maji, siyo kuoza. Usikubali mtoto alazwe kwa dawa kwa ajili ya rangi.)

Dawa zake. Andika zote, na dozi, na saa anayomeza. Usiache hata moja kwa akili yako, na usiendelee na hata moja kwa akili yako pia. Propranololi ya mtoto wa Fallot na sildenafili ya presha ya mapafu kwa kawaida haziachwi; kuzikatisha ghafla kunaweza kuleta balaa. Kaptoprili au enalaprili mara nyingi husimamishwa asubuhi hiyo kwa sababu hushusha presha. Furosemidi, ile ya kupunguza maji mwilini, hutegemea hali ya mtoto. Wafarini na aspirini, za kuzuia damu kuganda, zinahitaji mazungumzo siku kadhaa kabla. Na ile chupa ya mitishamba aliyoleta shangazi, itaje. Hakuna atakayekugombeza, na kama yupo, mwache agombeze. Afadhali hivyo kuliko dawa mbili zikutane mwilini bila mtu kujua.

Sita, kufunga kula

Mazungumzo haya yanasikika kila wiki kwenye mlango wa chumba cha vipimo.

"Mama, mtoto amekula?"

"Hajala kabisa, sista. Tangu jana usiku."

"Hajaweka chochote mdomoni?"

"Amekunywa uji tu, saa kumi na mbili."

Na kipimo kinasogezwa hadi mchana. Uji ni chakula. Mtori ni chakula, hata ukiuchuja. Chai ya maziwa, maziwa ya kopo, maziwa ya ng'ombe, mtindi, vyote vinahesabiwa kama chakula kwa sababu vinakaa tumboni, na mtoto akitapika akiwa usingizini vinaingia kwenye mapafu.

Kanuni inayotumika sehemu nyingi: chakula na maziwa mengine yote, saa sita kabla; maziwa ya mama, saa nne; maji matupu au chai ya rangi, saa mbili, na hospitali nyingine huruhusu mpaka saa moja kabla. Kama mwanao ameitwa saa tatu asubuhi, basi chakula cha mwisho ni kabla ya saa tisa usiku, ambayo maana yake ni chakula cha jioni. Ziwa la mwisho ni saa kumi na moja alfajiri. Maji ya mwisho ni saa moja asubuhi. Fuata saa utakazopewa na hospitali yako kama zinatofautiana na hizi.

Kosa la upande wa pili ni baya vilevile, na ndilo linalofanywa na wazazi waangalifu: mtoto anafungishwa tangu saa mbili usiku "kwa usalama", foleni inachelewa, inafika saa saba mchana hajagusa hata maji. Kwa mtoto wa bluu hiyo ni hatari halisi. Damu yake tayari ni nzito. Akikaukiwa inakuwa nzito zaidi na inaweza kuganda, hata kwenye ubongo. Kwa hiyo mwamshe alfajiri umpe maji. Omba awe wa kwanza kwenye orodha, na taja sababu. Foleni ikisogea, usikae kimya kwenye benchi. Nenda kaulize kama anaweza kunywa tena au awekewe dripu.

Saba, siku yenyewe

Apimwe uzito siku hiyo hiyo. Dozi zote hupigwa kwa kilo, na mtoto wa moyo anaweza kupungua au kujaa maji tangu kliniki iliyopita. Ukiona wanaandika uzito wa kwenye kadi ya miezi minne nyuma, sema.

Mvalishe nguo inayofunguka mbele. Ondoa rangi ya kucha, maana inaweza kuharibu usomaji wa kidoleni. Hina nyeusi nayo inaweza, kama dada zake walimpaka kwa ajili ya sikukuu.

Mweleze mtoto kwa maneno yake, bila kumdanganya kwamba hakuna sindano. Kulia kwenyewe kuna madhara kwa baadhi yao. Mtoto wa Fallot akilia sana anaweza kupata shambulio: anapumua haraka na kwa kina, anazidi kuwa wa bluu, kisha analegea. Likitokea, iwe hapo au nyumbani, mlaze au mpakate, mkunjie magoti yote mawili mpaka yaguse kifua, mtulize kwa sauti ya chini, na ita msaada. Kumkunja magoti kunapandisha upinzani wa mishipa ya mwili na kuirudisha damu kwenye njia ya mapafu. Kama amewahi kupata shambulio hata mara moja, hilo ndilo jambo la kwanza kumwambia mtaalamu, kabla ya jina na umri.

Jambo la pili ni dripu. Kwa mtoto mwenye tundu, kiputo cha hewa kinachoingia kwenye mshipa kinaweza kuvuka tundu na kwenda kwenye ubongo. Wataalamu wanajua hilo na huondoa viputo vyote, lakini anayekuja kubadilisha chupa wodini huenda hajasoma faili. "Samahani sista, huyu ana tundu, naomba tuangalie hewa kwenye mpira" ni sentensi ya kawaida kabisa. Itamke.

Ukiruhusiwa kukaa naye mpaka asinzie, kaa. Macho yanaweza kubaki wazi na kuchezacheza akipewa ketamini. Inatisha kuangalia, lakini ni kawaida ya dawa hiyo. Kisha toka, uwaachie nafasi.

Nane, baada ya kuamka, na njia ya kurudi

Kipimo kikiisha watu hulegea, wakati kazi haijaisha. Kelele na maumivu yaliyokuwa yakimsisimua mtoto yamekwisha, dawa bado imo mwilini, na anaweza kuzama tena usingizini. Baadhi ya dawa za kunywa, hasa kloral haidreti, huendelea kufanya kazi kwa saa nyingi, na kwa kichanga zaidi ya hapo.

Asiruhusiwe mpaka awe ameamka mwenyewe bila kutikiswa, anakaa au kushika shingo kama alivyokuwa kabla, amekunywa bila kutapika, na oksijeni imerudi kwenye namba yake. Namba yake, ile uliyoandika.

Halafu njia. Mtoto aliyepewa dawa ya usingizi asibebwe mgongoni kwa mbeleko siku hiyo. Najua ndivyo tunavyobeba. Lakini huko nyuma humwoni uso, kichwa kikianguka mbele kidevu kinaziba koo, na kwenye daladala la kwenda Himo lenye makelele hutasikia chochote. Mpakate mbele, kidevu kimeinuliwa, na uwe na mtu wa pili anayemtazama yeye tu. Bodaboda hapana kabisa.

Usiku alale kwa ubavu, karibu nawe, na aamshwe mara moja moja muone kama anajibu. Msimpe piritoni wala dawa ya kikohozi inayolewesha, hata kama makamasi yamerudi. Anza na maji, kisha ziwa au uji mwepesi, kisha chakula cha kawaida. Mradi anakunywa, usimlazimishe kula. Mtembeaji azuiwe kupanda ngazi na kukimbia mpaka kesho, atayumba.

Rudi hospitali usiku huo huo kama haamshiki, anakoroma kwa namna ambayo si yake, amekuwa wa bluu kuliko kawaida, anatapika kila anachokunywa, ana homa, au jeraha linavuja. Aliyepitishiwa mrija kwenye paja mpaka moyoni, damu ikitoka pale, bonyeza kwa nguvu kwa kitambaa safi bila kuachia huku mkienda. Na mguu ukiwa wa baridi na mweupe kuliko mwenzake, nenda hata kama damu haitoki.

Tisa, andika

Kabla ya kuondoka wodini omba jina la dawa aliyopewa, dozi, uzito uliotumika, ilichukua muda gani kulala na kuamka, oksijeni ilishuka mpaka ngapi, na kama kulikuwa na tatizo lolote. Weka kwenye daftari moja pamoja na jina la ugonjwa, namba yake ya kawaida, orodha ya dawa na karatasi ya eko. Mtaalamu atakayempokea mara nyingine, iwe hospitali ya Mount Meru, KCMC au Dar, ataanza na daftari hilo. Likunje kwenye mfuko wa nailoni, maana mvua za Machi hazina adabu, na piga kila ukurasa picha kwa simu yako na ya baba yake.